Mto wa waliofufuka: nimemsoma Burton nikiwa Dodoma

Riwaya hii naipendekeza kwa kila apendaye historia, hasa sisi wa mikoa ya kati, ingawa nina ugomvi nayo mmoja mkubwa. Inaitwa To Your Scattered Bodies Go, kazi ya Mmarekani Philip José Farmer. Ilitoka 1971 na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Hugo, inayoheshimika sana kwa bunilizi za kisayansi. Nimeisoma kwenye simu, kwa Kiingereza.

Kisa chenyewe: watu zaidi ya bilioni 36, kuanzia wa zama za mawe, wanaamka siku moja kandokando ya mto usiojulikana unakoanzia. Wako uchi, hawana hata unywele, na waliokufa wazee wamerudishiwa miili ya miaka 25. Kila mmoja ana mkebe wa chuma. Mara tatu kwa siku mikebe huwekwa juu ya mawe makubwa yenye umbo la uyoga, mwako mkali unapiga kwa kishindo, na mkebe ukifunguliwa unakuta chakula, hata pombe na sigara. Ukifa, kesho yake unaamka mzima mahali pengine mtoni. Pepo waliyoahidiwa hawaioni, Jehanamu hawaioni, na aliyewafufua hajitambulishi.

Mhusika mkuu ni Richard Francis Burton, yule msafiri Mwingereza wa karne ya 19, na hapo ndipo kitabu kilinishika. Burton alipita huku kwetu Ugogo na John Speke kiangazi cha 1857, msafara ukitoka pwani kwenda Kazeh, yaani Tabora ya leo, hadi Ujiji walikofika Februari 1858. Watawala wa Kigogo walishika visima, na kila msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla ya kuendelea. Burton alikuwa akitafuta maziwa ya bara na chanzo cha Nile. Farmer amemchukua mtu huyohuyo, akampa mto mwingine na kiu ileile: anaunda mashua, anaiita The Hadji kwa kukumbuka safari yake ya Makka ya 1853, anaanza kuupanda mto kutafuta chanzo chake. Kwa msomaji wa nchi kame kama hii yetu, ambako makorongo hubaki mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, kusoma juu ya maji yasiyokwisha kulinipa raha ya aina yake.

Lakini sehemu iliyonikaa moyoni ni ya utumwa. Ungedhani watu wakipewa chakula bure, bila shamba wala jembe, watatulia. Hawatulii. Mkebe haufunguki ila kwa mwenyewe, kwa hiyo wenye nguvu wanateka watu, wanawaacha hai kwa chakula kidogo, na kila mlo wanawapora pombe na vinono vyao. Burton mwenyewe anatekwa na kufanywa mtumwa katika dola ya Hermann Göring, yule mmoja wa wakuu wa Wanazi wa Ujerumani, aliyeshirikiana na mfalme wa kale wa Roma. Fikiria: mtu aliyepita njia ya misafara ya watumwa, aliyebebwa mgonjwa mabegani mwa wapagazi, sasa yeye ndiye anayelindwa na wenye mikuki. Nilizisoma kurasa hizo, nikazirudia. Farmer hakuhubiri popote, ameacha mambo yaende yenyewe, na kwa hilo namvulia kofia.

Sasa ugomvi wangu. Kama wamefufuka wote, Sidi Mubarak Bombay yuko wapi? Yule Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi Zanzibar huru, ndiye aliyemwongoza Burton na Speke. Baadaye alikwenda na Speke kwenye Nile, na Stanley kumtafuta Livingstone, na Cameron kulivuka bara zima. Alifariki 1885, miaka mitano kabla ya Burton. Farmer amemkutanisha Burton na Alice Hargreaves, mwanamke ambaye utotoni ndiye aliyechochea hadithi maarufu ya watoto, Alice's Adventures in Wonderland, na mtu wa mapangoni, hata kiumbe wa sayari nyingine, lakini Bombay hakupewa nafasi. Mazungumzo ya wawili hao, wote wana miaka 25, wote uchi, hakuna bwana wala mpagazi, yangekuwa sura bora kuliko zote. Inaniuma kwamba haikuandikwa.

Kuna jambo jingine linalopitishwa haraka mno: waliokufa kabla ya miaka mitano hawaonekani mtoni. Ukoo gani hapa Ugogo haujazika watoto wachanga? Msomaji aliyewahi kuzika atasimama hapo kwa muda mrefu, ilhali mwandishi anaendelea na vita.

Wanawake wameandikwa kwa wepesi. Alice ana akili na msimamo, ila mara nyingi yupo ili Burton amtamani. Mwisho nao haufungi kisa, itabidi utafute vitabu vinavyofuata, na cha pili kinamhamishia msomaji kwa mwandishi Mmarekani Mark Twain.

Kiingereza chake si kigumu, kidato cha nne anakiweza. Mzazi akisome kwanza mwenyewe, kwa sababu kuna uchi, kuna kujiua kwingi, na maswali juu ya ufufuo ambayo mtoto atakuja kuyauliza mezani.