Fundi wa makabati Keko: kanipangia jiko dogo la Sinza

Jamani nilisema nitumie kwanza mwezi mzima ndo niandike. Jikoni kwangu ni kama mita 2 kwa 3, mafundi wawili walishaniambia makabati hayaenei labda nivunje ukuta, sasa nyumba ya kupanga nivunje ukuta wa nani? Nikaenda Keko na picha za jiko la Frankfurt, la kule Ujerumani, kwenye simu.

Hilo jiko alilichora Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, msanifu majengo wa Vienna, kwao Austria wanawake kwenye hiyo kazi walikuwa wachache sana. Upana mita 1.9, urefu 3.4, basi! Alihesabu hatua za mpishi, akaangalia majiko ya kwenye treni, akapanga kila kitu mkono ufike, na yakafungwa kama 10,000 kwenye nyumba za watu wa kawaida. Bosi wake kule, Ernst May, baadaye alikuja huku kwetu Tanganyika kulima, 1934.

Kinachoniuma watu wanamtaja huyu mama kwa jiko tu. Kafanya kazi Urusi kuanzia 1930, kaenda Uturuki, halafu mwisho wa 1940 akarudi Vienna kusaidia waliokuwa wanapinga Wanazi kwa siri, Januari 1941 wakamkamata wakamhukumu miaka 15, akatoka 1945. Na vita imeisha, kwao wakamnyima kazi za serikali kisa ni mkomunisti. Mtu mwenye akili ile aisee! Kafariki 2000, bado siku 5 tu afikishe 103.

Turudi kwa fundi. Huyu alisikiliza. Kaja hadi nyumbani, kaniambia "dada hebu simama nione unavyosonga ugali", akapima toka sinki hadi jiko la gesi, sasa hivi ni hatua mbili. Droo ya unga kaniwekea mninga, kwingine MDF, zile mbao za kiwandani (Margarete yeye droo za unga alitaka mwaloni, wadudu hawaupendi), kuna na ubao wa kukatia unaovutwa chini ya kaunta. Makabati yanasimama yenyewe, nikihama nabeba.

Shida ni reli za droo, alianza na nyepesi, wiki ya pili droo ya unga ikalala upande, nikapiga simu mara nne ndo akaja, ila kabadilisha bure na tangu hapo iko sawa. Nimelipa milioni moja na laki nane pamoja na usafiri. Ukienda mwambie mapema unataka reli nzito.