Tahadhari: Plagi Zilizotumika Zinauzwa kama Mpya Mjini Kampala

Ndugu madereva na wenye magari, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja wa vipuri mjini Kampala ambaye husugua plagi kuukuu (vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini), akazing'arisha, akazifunga katika boksi jipya na kuziuza kwa bei ya mpya, huku akibaki na plagi nzima za mteja. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yangu bado hayajaamuliwa, lakini njia anayoitumia nitaieleza yote, maana sidhani kwamba yuko peke yake.

Gari langu ni Toyota Premio yenye injini ya 1ZZ-FE, ambalo hubebea abiria kati ya Entebbe na Kampala. Mwezi uliopita lilianza kutetemeka kila niliposimama kwenye foleni: mshale wa mizunguko ya injini, ambao kwa kawaida hutulia karibu na 700 kwa dakika, ukawa unapanda na kushuka, na usukani ukitikisika mkononi. Nilikwenda kwa muuzaji huyo kununua chujio la hewa tu. Aliposikia muungurumo, bila kupima chochote, alisema plagi zimekwisha. Kijana wake akazitoa zote 4, akaingia nazo nyuma ya duka eti azifute nizione vizuri, akarudi na plagi nyeusi zilizolika. Leo naamini hazikuwa zangu. Nililipa shilingi 240,000 kwa plagi za iridiamu, yaani zenye ncha ya madini hayo magumu, sikudai risiti, na zile za zamani nikaziacha palepale nilipoambiwa kwamba ni takataka, jambo ambalo dereva wa umri wangu hakupaswa kulifanya.

Siku ya 3 taa ya injini ilianza kumweka na nikasikia harufu ya petroli mbichi kutoka kwenye ekzosi. Taa hiyo ikimweka badala ya kuwaka tu, maana yake ni kwamba silinda haichomi mafuta sawasawa, na mafuta hayo yasiyochomwa yanaweza kuunguza katalaiza, yaani kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi, ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya plagi. Fundi wa mtaani kwetu alipima akapata namba ya hitilafu P0302, yaani silinda ya 2 ndiyo isiyochoma sawasawa, na alipotoa plagi yake tukakuta kauri, ile sehemu yake nyeupe, ina ufa mwembamba kama unywele.

Nyingine 3 zilitufundisha mengi. Plagi mpya huja na washa yake, ile pete ya chuma ya kuzibia, ikiwa bado imevimba, kwa sababu hubanwa mara ya kwanza inapokazwa kichwani mwa injini. Fundi alinihakikishia kwamba yeye alizikuta zikiwa zimekazwa kidogo mno kuweza kubana washa kiasi kile, lakini zote zilikuwa bapa kabisa. Kwenye pembe za kukazia kulikuwa na mikwaruzo ya spana chini ya mng'aro. Ncha ya katikati ya plagi ya iridiamu ni nyembamba, haifiki milimita 1, ilhali hizi zilikuwa na ncha nene ya plagi za kawaida iliyopigwa tupa. Nafasi ya cheche, inayotakiwa kuwa milimita 1.1 kwa injini hii, ilitofautiana kutoka plagi moja hadi nyingine. Washa na ncha unaweza kuvikagua mwenyewe dukani kabla ya kutoa pesa, na muuzaji akikataa kufungua boksi, ondoka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ugonjwa haukuwa kwenye plagi hata kidogo. Baada ya kufunga plagi halisi gari liliendelea kutetemeka, na fundi akagundua mpira wa vakyumu uliopasuka nyuma ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda), ukiingiza hewa isiyopimwa, pamoja na masizi mazito kwenye throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Mpira, usafi na kazi yake vilinigharimu shilingi 45,000.

Kwa hiyo, gari likitetemeka likiwa limesimama, taka lipimwe kwanza, mipira ya hewa na throto vikaguliwe, ndipo plagi zifuatie. Plagi zikitolewa, zitolewe mbele ya macho yako, na za zamani uondoke nazo hata kama zimekufa. Daini risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda; mimi sina, na ndiyo maana malalamiko yangu yanasimama juu ya ujumbe wa malipo ya simu na plagi 4 nilizozihifadhi ndani ya boksi lake.