"Mama, hapa hatusongi ugali": uzoefu wangu na gereji iliyonirudishia pikipiki isiyo na moto

Naanza na sentensi hiyo kwa sababu imenikaa kooni mpaka leo. Aliitamka fundi mwenyewe, spana namba kumi mkononi, mbele ya watu kama saba, na wote wakacheka. Hata yule dogo niliyemtuma maji kwa hela yangu, akabaki na chenji, naye alicheka.

Kosa langu? Nilimwuliza kama tunaweza kupima kwanza kabla sijanunua CDI nyingine, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye plagi.

Nirudi nyuma kidogo. Nina pikipiki ya cc 125, nimempa kijana wa mtaani kwetu, ananiletea hesabu ya elfu nane kwa siku. Anapaki karibu na stesheni ya SGR, na tangu treni ianze kufika Dodoma 2024, usiku ndiyo anaokota hela. Sasa msimu ule wa upepo, vumbi la huku mnalijua, ea klina, chujio la hewa ya injini, ikawa imechanika na yeye kanyamaza. Injini ikaanza kula oili, moshi wa bluu nyuma utadhani anafukuza mbu. Nikaelekezwa gereji moja upande wa Kizota, jina silitaji. Wakashusha injini, silinda ikachongwa, pistoni mpya, ringi mpya, valvu zikasagwa. Laki moja na tisini, pamoja na kubadilishiwa oili mara ya kwanza bure.

Siku ya kuichukua, kiki ya kwanza kimya. Ya hamsini kimya. Wakatoa plagi, wakaichomeka kwenye kofia yake, wakailaza juu ya hedi chuma kwa chuma, dogo akapiga kiki huku nimeinama naangalia kwa macho yangu: hakuna hata cheche. Plagi mpya, elfu nne: giza. Koili mpya, elfu kumi na mbili: giza. "Ni CDI hiyo," fundi anasema, hata hanitazami. Elfu kumi na tano. Giza. Kesho yake ananiambia CDI niliyouziwa ni feki, nilete nyingine ya maana.

Jamani, mimi nauza vitenge pale Soko la Majengo, injini siijui. Lakini pikipiki iliingia kwake ikitembea! Moshi ilitoa, sawa, ila moto ulikuwepo. Kilichofunguliwa ni injini. Kwa nini tuhangaike na vitu vilivyokuwa vizima, vimetulia zao chini ya siti? Ndicho nilichouliza, na nikajibiwa habari za ugali.

Tukaipandisha kwenye guta, tukaondoka.

Karibu na meza yangu sokoni yupo mzee anayetengeneza redio. Pikipiki hajawahi kumiliki. Akaomba aonyeshwe waya unaotoka ndani ya injini kwenda kwenye CDI, ule wa pulsa, kikoili kidogo kinachokaa pembeni ya magneti na kuiambia CDI ni wakati gani itoe moto. Akachomoa soketi, ncha moja ya mita yake ya kupimia umeme kwenye waya, nyingine kwenye bodi ya injini. "Hapa ilitakiwa isome ohm mia na kitu," akasema. "Inasoma sifuri. Waya umelala kwenye chuma mahali, mwanangu." Kijana akafungua kava la magneti, la kushoto. Hapo hata sikuhitaji kuelezwa. Waya wa bluu wenye mstari mweupe ulikuwa umebanwa kati ya kava na injini, umepondeka bapa kama tambi, shaba inang'aa nje. Wakati wa kufunga hawakuurudisha kwenye njia yake. Basi, ni hicho tu! Mzee akakata kipande kilichopondeka, akaunga, akazungushia tepu nyeusi, akaupitisha panapostahili. Kiki ya pili ikawaka. Akataka elfu tatu, nikampa kumi.

Siku tisa bila hesabu, kwa waya uliobanwa.

Nilikusudia kuandika msikanyage pale kamwe. Ila kuna hili, na roho inaniuma kulisema: injini aliitengeneza. Haitoi moshi, asubuhi ya baridi inashika kiki moja, haina kelele, na kijana anapanda nayo kilima cha UDOM kabeba wawili (nimemgombeza). Mkono anao yule bwana. Ningekuwa mwanamume pengine nisingejibiwa vile, na hapa ningekuwa namsifu. Halafu nakumbuka nilivyorudi na kile kipande cha waya, nikamwonyesha kwa upole kabisa, akasema hayo ni mambo ya kawaida, na koili na CDI havirudishwi kwa kuwa vilishafungwa. Vilishafungwa! Pikipiki inatembelea vile vya zamani, vipya viko kwenye droo yangu. Hapana, msiende. Au nendeni, lakini akifika kwenye kava la kushoto simama hapohapo uone waya unapita wapi, na plagi ijaribiwe mbele yako kabla hujatoa hela ya mwisho.

Mita ile niliipenda, nikanunua yangu, elfu kumi na tano. Juzi kijana kaenda kubadilishiwa ile oili ya bure (siiachi, nimeilipia). Karudi na salamu: fundi anaomba kuazima mita ya mama, kuna pikipiki pale haina moto siku ya tatu. Nimesema aje mwenyewe nyumbani, saa mbili usiku. Atanikuta nasonga ugali.