Viwashio vya kauri vya majiko ya gesi: kabaidi au nitraidi?

Kiwashio cha kauri ni kipande kidogo kinachopitishiwa umeme hadi king'ae, kisha gesi ikifika hapo inashika moto. Aina kuu ni mbili, na ubora wake haulingani.

Cha silikoni kabaidi ndicho cha zamani, rahisi kununua na rahisi kuvunjika. Kina rangi ya kijivu na ni chepesi kama chaki. Kinafika nyuzi 1,200 za Selsiasi au zaidi, lakini hakipendi mtikisiko wala mafuta ya vidole. Ukikishika kwa mkono mtupu, uchafu wa ngozi huacha doa linalopata joto kuliko sehemu nyingine, na ufa huanzia hapohapo. Vumbi la jasi kwenye nyumba inayokarabatiwa hukimaliza vilevile.

Cha silikoni nitraidi waya wake umezikwa ndani ya kauri ngumu. Hupata moto haraka, hustahimili kugongwa kidogo, na hudumu zaidi. Kwa tanuru la kupasha nyumba joto, tunakipendekeza bila kusita, ili mradi volti zilingane: cha volti 80 kikipewa 120 hakichukui muda kuungua.

Kwenye oveni mambo ni mengine. Oveni nyingi zimeunganisha kiwashio na valvu ya gesi kwa mfululizo, yaani umeme unaopita kwenye kiwashio ndio unaofungua valvu. Valvu ya kiwashio bapa cha kabaidi kwa kawaida huhitaji ampea (kipimo cha umeme unaopita) 3.2 hadi 3.6, ya kile cha mviringo, 2.5 hadi 3.0. Kabaidi ikizeeka, ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, hupanda na ampea hushuka. Kiwashio kinaendelea kung'aa vizuri tu, lakini valvu inabaki imefungwa au inafunguka kwa kuchelewa, na oveni hulipuka "puu!" inapowaka. Wengi hapo hulaumu valvu na kuinunua bure. Kupima omu (kipimo cha ukinzani) kikiwa baridi hakutoshi. Bana mita ya ampea kwenye waya mmoja kikiwa kimewaka. Kikizidi sekunde 90 bila moto na ampea hazifiki kiwango, badilisha kiwashio. Kiweke cha aina ileile, kwa sababu nitraidi hubadilisha ukinzani wake kwa namna tofauti kikipata joto na valvu haitakielewa.

Kukibadilisha ni kazi ndogo: chomoa umeme, funga gesi, fungua skrubu (mara nyingi mbili), shika kipya kwenye kitako chake cha kauri tu. Nyaya ziungwe kwa vifuniko vya kauri; vile vya plastiki vya kawaida huyeyuka ndani ya oveni, na kasoro hiyo hujitokeza baada ya wiki kadhaa, wakati fundi ameshalipwa.