Fundi wa stirio za zamani, Kariakoo

Risiva yangu ya stirio ya miaka ya 1970 ilikuwa ikiunguza fyuzi kila inapowashwa, na fundi wa awali alitaka kuweka fyuzi kubwa zaidi, jambo la hatari kwa transfoma ambayo leo ni adimu kupatikana. Huyu wa Kariakoo aliiunganisha kwanza kwa mfululizo na balbu ya wati 60, yaani umeme wa risiva ulipitia kwenye balbu, ambayo huuzuia usizidi. Balbu ilipowaka kwa nguvu bila kufifia, alijua kuna shoti, akapima dayodi za kugeuza umeme wa AC kuwa DC na kukuta moja imekufa. Alihakikisha pia kwamba swichi ya volti iliyoko nyuma imewekwa kwenye 240, si 120. Bei yake si ndogo, lakini vipuri vibovu hukurudishia (ustaarabu wa nadra), ingawa stakabadhi hatoi mpaka uidai.