Bunduki ya Sears ya baba mkwe: nilivyoitambua na kuitoa kutu

Baba mkwe wangu, Mmarekani wa Ohio, anataka nimwite kwa jina lake. Ulimi unagoma, nimebaki na "mzee". Alipohamia nyumba ndogo alinikabidhi kitu kilichoviringishwa blanketi. Ndani mlikuwa na bunduki ya risasi moja moja, ya kipenyo kidogo cha .22, ya marehemu baba yake, imekula kutu kama jembe lililosahaulika shambani. Kabla ya lolote nilivuta bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikachungulia chemba inamokaa risasi. Tupu.

Mtutu umegongwa J.C. Higgins na Sears, Roebuck, kampuni ya maduka ya Marekani. Mzee miaka yote alidhani Higgins ni fundi wa bunduki. Kumbe John Higgins alikuwa mtu wa vitabu vya hesabu ofisini Sears! Kampuni ilipenda jina lake, ikaliweka kwenye vifaa vya michezo na bunduki, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipochukuliwa nafasi na la Ted Williams, mchezaji wa besiboli. Sears iliagiza bunduki viwandani na kuzigonga chapa ya duka, kama duka la Montgomery Ward lilivyofanya na chapa yake ya Western Field.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, simtaji, aliigeuza mara mbili, akaguna kwamba haina namba yake ya pekee, akaniambia niitundike ukutani. Akadai hela kwa ushauri huo. Namba haikuwa tatizo: kabla ya sheria ya silaha ya mwaka 1968, serikali kuu ya Marekani haikulazimisha bunduki za namna hii kuwa na namba, na nyingi za bei rahisi hazina.

Cha kutazama ni modeli. Yangu ni 103.18, na tarakimu za kabla ya nukta ndizo zinazotaja kiwanda: 103 ni Marlin, 583 ni High Standard, 273 ni Winchester. Jedwali la Numrich, wauza vipuri wa New York, linaloonyesha modeli ya duka ni ipi kiwandani, likanipeleka moja kwa moja kwa modeli ya Marlin 100. Hapo nikajua vipuri vya kutafuta. Jedwali hilo peke yake nalipa nyota tano.

Kutu sasa. Nilianza na dawa ya dukani, nikaloweka kikingio cha kifyatulio usiku kucha. Asubuhi kutu imeisha, na ile rangi nyeusi ya kiwandani nayo imeisha. Chuma cheupe kama kijiko. Ukifikiria, rangi ile nayo ni aina ya kutu, dawa itaibagua vipi?

Mtutu basi niliuchemsha. Niliuosha mafuta yote kwa sabuni, nikaulaza kwenye kipande cha mfereji wa bati wa kukingia mvua, juu ya majiko mawili ya gesi, maji yakitokota nusu saa. Kutu nyekundu ikageuka nyeusi, laini kama masizi ya sufuria. Nikaisugua kwa stilwaya nyororo kabisa, ile ya namba 0000, iliyooshwa mafuta nayo. Nilirudia mara tatu. Chini yake ilitokea rangi ya zamani, imechakaa ila ya kwake, na maandishi yote yanasomeka.

Kitako kilikuwa na mabonyeo. Kitambaa kibichi na pasi ya moto viliyainua mengi (mke wangu alinunua pasi mpya, tuliache hilo), kisha nikapaka mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa wiki nzima. Matambara yake yaanikeni nje yakiwa yametandazwa. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Kasoro kubwa ilikuwa ndoano ya kuvutia ganda, imevunjika ncha. Nilipata iliyotumika, nikaipachika. Fundi wa pili akakagua chemba na jinsi bolti inavyofunga kabla sijathubutu kutia risasi. Msiruke hatua hii.

Kwenye uwanja wa shabaha nilimpa mzee apige kwanza. Bunduki hii kufunga bolti hakutoshi, lazima uvute kitasa cha nyuma kwa vidole. Akakivuta bila kuangalia, kama mtu anayefungua mlango wa kwao. Ganda likaruka vizuri. Akapiga nyingine kumi na tisa. Mimi nikaambulia mbili.