Bima ya meli ya kitalii: ipi italipa ukiugua katikati ya bahari

Ukishachagua kabini na kuandika majina ya abiria, ukurasa wa malipo wa karibu kila kampuni ya meli za kitalii hukuonyesha kisanduku kimoja kabla hujatoa kadi: ongeza bima ya safari. Wengi hukitia alama na kuendelea. Hapa tumeiweka bima hiyo ya kampuni ya meli kando ya bima zinazouzwa nje, yaani na kampuni za bima zenyewe, na kando ya ile ya bei nafuu ambayo Waafrika Mashariki wengi huikata kwa ajili ya viza ya Schengen. Kwa wasafiri wengi bima ya nje ndiyo ya kununua. Na ndani yake tazama kwanza matibabu na gharama za kukuhamisha, kabla ya kutazama fidia ya safari kuvunjika.

Sababu iko kwenye meli yenyewe. Zahanati ya meli ina daktari, wauguzi na vifaa vya dharura, lakini kazi yake ni kukutuliza hadi ufikishwe hospitali ya nchi kavu. Bili yake haipelekwi kwa bima yako ya afya ya kila siku. Inaingizwa kwenye akaunti ya kabini, ileile unayolipia vinywaji, na unatakiwa kuimaliza kabla ya kushuka. Kwa mzee anayeishi Marekani mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko kwa wazee, hali ni ngumu zaidi: Medicare inaweza kulipia matibabu ndani ya meli pale tu meli ikiwa bandari ya Marekani, au ikiwa haijapita saa 6 tangu iondoke au zimebaki saa 6 ifike. Baada ya hapo uko peke yako. Baadhi ya bima za nyongeza za Medigap hulipa asilimia 80 ya dharura za nje ya nchi baada ya wewe kubeba dola 250 za mwanzo, na kikomo chake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Kwa anayeishi Uingereza, GHIC, kadi ya serikali ya kutibiwa katika nchi za Ulaya, haikusaidii kwenye meli, na bima nyingi za kawaida za safari za huko haziigusi meli mpaka uongeze kipengele cha meli za kitalii.

Kisha kuna kuhamishwa. Daktari wa meli akisema lazima ushuke, unashushwa bandari iliyo karibu, na hospitali nyingi binafsi za Karibiani na Meksiko hudai amana kabla ya kukulaza. Ndege ya wagonjwa kutoka kisiwani hadi Florida hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na kutoka mbali zaidi bei hupita laki moja. Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: matibabu yasipungue dola 100,000 kwa kila mtu, na uhamisho usipungue 250,000. Soma pia neno linalosema unahamishiwa wapi. Mikataba mingi inakupeleka hospitali ya karibu yenye uwezo wa kukutibu, na si hospitali ya mjini kwako. Ile inayokurudisha nyumbani ukishatulia ni bora, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo ambaye daktari wake yuko nyumbani.

Bima ya kampuni ya meli hupungua hasa hapo. Nyingi huweka matibabu kati ya dola 10,000 na 25,000, na uhamisho kati ya 30,000 na 50,000. Fedha hizo zinatosha mguu uliovunjika, ila kiharusi karibu na kisiwa cha Aruba, Karibiani, kinazimaliza mapema. Tena kwa kawaida inalinda yale tu uliyonunua kupitia kampuni hiyo. Tiketi ya ndege uliyojikatia mwenyewe na hoteli ya usiku wa kabla ya safari havimo. Uzuri wake upo, na tuutaje: bei yake mara nyingi haiangalii umri, hivyo kwa abiria wa miaka 75 inaweza kuwa nafuu kuliko ya nje, na mingi ya mipango hii inakuruhusu kuvunja safari kwa sababu yoyote. Angalia tu unarudishiwa nini. Mara nyingi ukivunja kwa sababu isiyo kwenye orodha unapewa salio la safari ijayo la asilimia 75 au 90, lenye tarehe ya mwisho, badala ya fedha taslimu.

Bima ya nje unaitafuta kwenye tovuti za kulinganisha. Kwa wakazi wa Marekani Squaremouth na InsureMyTrip ndizo tunazozipendekeza, kwa kuwa zinakuwezesha kuchuja kwa kiwango cha matibabu na kukufungulia mkataba mzima kabla hujalipa. Usihofu kwamba ungepata bei ya chini ukienda moja kwa moja: bei za bima husajiliwa katika kila jimbo, na mkataba uleule huuzwa bei ileile popote.

Fomu yenyewe ni fupi, lakini hapo ndipo makosa huanzia. Chukua mume na mke wa Minneapolis wanaopanda meli Miami kwa usiku 7. Kabini ni dola 2,600, na ndani yake 300 ni kodi na ada za bandari. Ndege ni 640, hoteli ya Miami 190. Kiasi cha kuandika ni kile tu ambacho hakirudi safari ikivunjika. Zile 300 za bandari hurudishwa na kampuni ya meli hata ukivunja dakika za mwisho, kwa hiyo zitoe. Inabaki 3,130, yaani 1,565 kwa kila mmoja. Ukiandika pungufu ili bei ishuke, unaweza kupoteza haki ya magonjwa ya zamani, tunayoieleza hapa chini. Ukiongeza ndege baadaye, ingia uongeze kiasi, maana mikataba mingi inataka ufanye hivyo ndani ya siku chache tangu ulipe. Tarehe ya malipo ya kwanza iandike ile ya arbuni, hata kama ilikuwa dola 100 tu. Kwa kawaida bima kamili hufika kati ya asilimia 4 na 10 ya gharama ya safari, umri ukiipandisha. Kama safari yenyewe ilikuwa rahisi na hofu yako ni ugonjwa tu, andika gharama sifuri: utaletewa bima za matibabu na uhamisho peke yake, kwa bei ndogo sana.

Tarehe hiyo ya arbuni ina uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye fomu. Kila mkataba una kipindi cha kutazama nyuma, siku 60 hadi 180 kabla ya siku uliyonunua bima. Ugonjwa wowote uliotibiwa, uliochunguzwa au uliobadilishiwa dawa ndani ya siku hizo unahesabika kuwa wa zamani na haulipwi. Mwenye presha aliyetumia dozi ileile miaka mitatu huyu hana shida. Lakini daktari akimpandisha kutoka miligramu 5 hadi 10 wiki sita kabla hajanunua, basi presha na kinachotokana nayo vimefungiwa nje. Hata dozi ikipunguzwa kwa sababu amepata nafuu, baadhi ya mikataba huyahesabu hayo kuwa mabadiliko. Dawa ya kufungua mlango huo ni kununua bima mapema, kwa kawaida ndani ya siku 14 hadi 21 tangu arbuni, ukiandika gharama yote isiyorudi na ukiwa na afya ya kusafiri siku hiyo ya kununua. Hapo sharti la ugonjwa wa zamani linaondolewa. Kuvunja kwa sababu yoyote nako, kwa bima ya nje, hununuliwa ndani ya siku hizohizo, hurudisha asilimia 50 hadi 75 kwa fedha taslimu, na hutaka uvunje angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Ukijutia, una siku 10 hadi 15 za kusoma mkataba na kurudishiwa fedha zako, kutegemea jimbo, mradi hujaanza safari wala kudai.

Kwa familia zetu kuna jambo ambalo mawakala hawalitaji. Kipindi cha kutazama nyuma kinamhusu pia ndugu asiyesafiri. Mama yuko Moshi, ana kisukari, alilazwa mwezi mmoja kabla hujanunua bima. Akizidiwa na wewe ukavunja safari, bila ule ulinzi wa siku 14 hadi 21 dai lako litakataliwa. Fungua ukurasa wa fasili usome nani anaitwa mwanafamilia. Wazazi, ndugu wa kuzaliwa, wakwe na wajukuu wamo karibu kila mahali. Baba mdogo na shangazi wamo kwenye mikataba mingi ya Marekani, ya Uingereza huwa na orodha fupi zaidi. Binamu mara nyingi hayumo, hata kama mmelelewa nyumba moja. Na kwenye msiba, kibali cha mazishi hakitoshi: bima inataka cheti cha kifo, Tanzania kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kukifuatilia kunachukua muda, kwa hiyo mtume mtu mapema.

Sasa bima ya viza. Ubalozi wa nchi ya Schengen unataka bima isiyopungua euro 30,000, yenye matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, kwa siku zote za kukaa. Bima hiyo inauzwa Nairobi na Dar es Salaam kwa bei ndogo na inatosha kupata viza. Haitoshi kwa meli. Meli inayotoka Piraeus, Ugiriki, ikatia nanga Kuşadası, Uturuki, au inayotoka Italia ikaingia Kotor, Montenegro, imetoka nje ya Schengen, kwa kuwa Uturuki na Montenegro hazimo, na bima iliyoandikwa Schengen pekee inakuacha hapo. Nunua inayotaja nchi zote za ratiba pamoja na safari ya baharini, uiulize kampuni swali hilo kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Viza nayo iwe ya kuingia mara nyingi, sababu ukitoka kwenda Uturuki unaporudi Ugiriki unaingia upya. Kuzuiwa kupanda meli kwa kukosa viza hakulipwi na bima yoyote tuliyoisoma. Na mzazi aliyekuja Marekani kutembelea watoto asiunganishwe tu kwenye bima yenu: nyingi zinataka mkazi wa Marekani, na bima ya wageni aliyokuja nayo inaweza isifike nje ya nchi hiyo.

Kuichelewa meli kunahitaji macho makali pia. Tafuta kipengele cha kukosa muunganiko kinachoanza kulipa ndege ikichelewa saa 3; vipo vinavyongoja 6 au 12, na baada ya saa 12 meli ya Miami iko mbali. Fidia hii hulipia kuifuata meli bandari inayofuata. Kwa Alaska kuna tatizo lake. Sheria ya Marekani ya 1886 inazikataza meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari mbili tofauti za Marekani bila kupitia bandari ya kigeni ya mbali. Ukiikosa meli Seattle, huwezi kuipandia Ketchikan au Juneau, bandari za Alaska, ukashukia Seattle. Safari imekufa. Hivyo unahitaji mkataba unaolipa gharama yote ndege ikikuchelewesha, kuliko ule wa nauli ya kuifuata tu. Usiku mmoja wa hoteli karibu na bandari unazuia mengi ya haya.

Kuchelewa ukiwa matembezini ni habari nyingine. Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn waliachwa São Tomé baada ya matembezi waliyopanga wenyewe kuchelewa, wakakimbizana na meli nchi kadhaa hadi walipoipata Dakar. Matembezi yaliyouzwa na meli husubiriwa. Uliyojipangia hayasubiriwi, na bima nyingi hazitambui foleni ya barabarani kuwa sababu.

Kwa Karibiani, msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na bima lazima iwe imenunuliwa kabla kimbunga hakijapewa jina. Meli ikibadilisha bandari tu, kampuni haidaiwi kitu zaidi ya ada za bandari iliyorukwa, na ni baadhi ya bima zinazolipa kiasi kidogo kwa kila bandari.

Kampuni ya meli kufilisika nako kumo. Crystal Cruises ilisimama mwanzoni mwa 2022, American Queen Voyages ikafunga Februari 2024. Bima ya kampuni yenyewe haiwezi kukulinda na anguko lake; ya nje inaweza, ikiwa umeinunua ndani ya siku zile za mwanzo na kampuni haijaanguka ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuanza.

Madai mengi hukwama kwenye karatasi. Kabla ya kuvunja safari kwa ugonjwa, daktari aandike kwamba hupaswi kusafiri, na tarehe yake itangulie siku ya kuvunja. Ukiwa melini usijipangie ndege ya wagonjwa: piga kwanza namba ya dharura ya bima, maana uhamisho usioidhinishwa nao hawaulipi. Iweke kwenye simu na kwenye karatasi, na mwenzako wa kabini awe nayo. Shirika la ndege likupe barua yenye sababu ya kuchelewa na saa zake. Kwa begi lililopotea chukua ripoti pale pale uwanjani kabla ya kutoka. Na kwenye zahanati ya meli, jumla iliyoandikwa kwenye akaunti ya kabini haitoshi. Omba bili inayochanganua kila kipimo, kila dawa na bei yake, ikiwa na jina la ugonjwa na sahihi ya daktari, kabla hujashuka ngazi, kwa sababu meli ikishapakia abiria wapya jioni hiyo, kuipata kutoka ofisini kwao huchukua wiki nyingi.